Wimbo wa Kiboko Ndani ya Kompyuta Yako

Mpendwa mdogo wangu Njeri,

Pole na kujifungua, na mtoto ananyonya vizuri? Hapa Karagita tuko sawa. Kule Kihoto maji ya ziwa imeingia kwa nyumba tena, watu wamehama, na Mama Kamau wa mlango wa pili ameanguka na boda lakini mdomo haikuumia. Unaona? Nimekaa niandike kitu moja na tayari niko kwa mdomo ya Mama Kamau.

Jumanne ulinipigia ukasema huyu msichana wako wa nne ataitwa Wairimu, kama mimi. Kwa mila yetu msichana wa nne anapewa jina la dada ya mama, ni zamu yangu, hiyo naelewa. Lakini ukaongeza, "Hata kama haingekuwa mila ningempa tu. Ni wewe ulinitetea ile siku ya kompyuta." Nikacheka, nikasema amina. Halafu nikakaa kwa kitanda na kiatu moja mkononi mpaka chai ikakauka kwa sufuria. Ningekupigia, lakini najijua. Kwa simu ningekuchekesha, na ungekata ukinipenda zaidi. Kwa hivyo naandika, na vile shule niliachia darasa la tano, soma polepole.

Unakumbuka vile hiyo kompyuta ilikuja? Ofisi yenu ya shamba la maua ilinunua mpya, wakakupa ile kuukuu, ukaileta na mkokoteni umeifunika leso kama mgonjwa. Meza ikawa yake, sufuria zetu zikaingia chini ya kitanda. Ukaiwasha, skrini nyeusi, maandishi nyeupe. Nikauliza, "Na picha?" Ukasema, "Hii ni DOS, dada. Unaandika, inatii." Nikakuambia ingekuwa mwanaume ningeolewa nayo.

Ukatengeneza geimu ya kiboko anatoka ziwani anafukuza mama amebeba maua. Kiboko ilikuwa kisanduku tu, na mama ni herufi moja. Lakini hiyo sauti! Ukanieleza kaspika kake kanatoa sauti moja moja. "Haiwezi kuimba mbili pamoja. Lakini nikizirusha haraka haraka, sikio yako inadanganyika, inasikia kwaya." Unaandika namba kwa daftari, unasikiza, unafuta, unaandika tena. Kiboko akiwa mbali, duu, duu. Akikaribia, tririririri mpaka roho inapanda. Nikapiga kelele, "Kimbia wewe mama!" ukaanguka kitandani ukicheka.

Kwa hivyo nilijua ni geimu. Nilicheza mpaka kidole ikauma.

Lakini ukuta wa plot, kati ya chumba na chumba, ni mabati, na juu ni wazi. Kwa foleni ya maji wamama wakaniuliza, "Kwenu kunalia nini?" Ningesema geimu, ingeisha hapo. Nikasema, "Mimi sijui. Anaandika namba, halafu kitu inamjibu." Mtungi ikajaa ikamwagika na hakuna mtu alifunga mfereji. Njeri, sijawahi kusikizwa hivyo maisha yangu. Kesho yake nikaongeza kwamba hiyo kitu inaita watu majina. Na unajua wakati huo stori za kuabudu shetani zilikuwa kila mahali.

Jumamosi mchana, ukiwa kazini, wamama saba wa fellowship, kile kikundi cha maombi, wakabisha. Wakaimba, wakaniambia niiwashe waombee ikiwa macho, nikaiwasha. Mama kiongozi akamimina mafuta ya maombi kwa vile vitundu vya nyuma. Ikalia tiiii moja ndefu, ikatoa moshi, wakakimbilia mlango wakisema, "Imetoka! Imetoka!" Mpaka leo hapo nataka kucheka, na nikicheka naona aibu.

Wakarudi. Kiongozi akauliza, "Kuna kitu ingine yake imebaki?"

Hii sijawahi kukuambia. Zile disketi nne na ile daftari ya namba zilikuwa chini ya godoro ndani ya karatasi ya sukari, na mimi peke yangu ndio ulinionyesha. Geimu yote ilikuwa hapo, na wimbo, upelekee mwalimu wako wa Nakuru mjini, yule alisema ukimaliza atakutafutia kazi ya kompyuta. Nilizitoa mimi. Hakuna mtu alinilazimisha. Niliogopa tu wakijua nimewadanganya. Nikaziweka kwa jiko na mkono wangu, nikaona zikijikunja.

Ukaingia, ukanipata nalia. Ukauliza, "Na disketi?" Nikasema, "Nimewazuia, wakanishinda." Ukachukua kitambaa ukanipanguza masizi kwa vidole, ukidhani nilikuwa naziokoa kwa moto. Wewe ndio ulikuwa unanituliza mimi.

Mwezi haukuisha ukahama, kwa sababu hapa hakuna mtu alikuwa anakusalimia. Siku moja nilikuuliza kama bado unatunga zile za tii tii. Ukasema, "Namba zilichomeka, dada. Sizikumbuki." Nikabadilisha stori.

Jana nilianza kusema ukweli kwa Mama Kamau, kwa sababu alikuwa kati ya wale saba. Nikamwambia ile haikuwa shetani, ilikuwa kiboko.

"Na ulijua?"

"Nilijua."

"Wairimu! Na mimi nilifunga siku tatu!" Halafu akashusha sauti. "Si hiyo ni ya zamani. Wacha mtoto wa watu apate jina."

Sasa najua kwa foleni ya maji ni mimi nazungumziwa. Wazungumze.

Mtoto bado hajaandikishwa. Kama hutaki jina langu kwa nyumba yako, mpe lingine, sitakuuliza, na watu wa nyumbani wakiuliza nitawaambia mwenyewe sababu. Ukimpa, basi mpe kwa mila peke yake. Na akikua akuulize Wairimu mkubwa alikuwa mtu wa aina gani, usimwambie nilikutetea.

Sitakupigia. Nangoja simu yako, hata kama ni ya kunitusi.

Ni mimi, dada yako.