Gari la Kushoto

Mwingi
16 Agosti 1998

Kwa Dada Mutindi,

Bwana asifiwe. Natumaini chai inauzika hapo hotelini kwako Salama na mgongo umeacha kukusumbua. Mimi niko sawa, ila mafua ya vumbi, na hayo hapa Mwingi ni ya kila mtu.

Biashara ya gemu inaendelea. Kile chumba nyuma ya duka la Hared kinajaa watoto shule zikifungwa, na Hared ananipa waya wa jenereta yake bila kelele nyingi. Shida ni kompyuta yenyewe. Siku mimi na ndugu yetu Nzuki tulipoinunua ilikuwa tayari kuukuu, na sasa inakokota miguu kama punda mgonjwa. Gemu mpya zinaikataa. Nikinunua nyingine nitabaki bila shati, kwa hiyo nimeamua kuibadilisha kipande kimoja kimoja. Hao madereva wako wanaobeba vitu vya ofisi za Nairobi, hebu waulize kama kuna kibodi ya kutupwa.

Kibodi ndiyo ya haraka. Kwenye ile gemu ya magari mawili, mtu mmoja anatumia herufi za kushoto, mwingine mishale ya kulia. Sasa gari la kushoto limeanza kwenda lenyewe. Kiti hakina mtu, na gari linaondoka. Watoto wanacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu linazunguka kona kwa nje kabisa, bila breki, kama Nzuki. Pengine ni vumbi tu limeingia kwenye herufi.

Mdogo wako,
Kiema

Salama
30 Agosti 1998

Kiema, mwana wa mwaitu,

Asifiwe sana. Mgongo upo, mimi nipo, tumeshazoeana.

Musyoka wa lori la simiti amenipatia kibodi kutoka ofisi moja iliyokuwa inahama. Alikataa malipo, akala chapati zangu mpaka nikajuta. Nimempa kondakta wa basi akuletee.

Sasa nikuambie jambo na ulisikie vizuri. Usiniandikie tena habari ya “kama Nzuki.” Mvua ya El Nino ilipobeba lile lori alilokuwa utingo, lori lilipatikana, dereva alipatikana, yeye hakupatikana. Wazee wa kanisa walikuja kuniambia tumfanyie ibada ya mazishi bila mwili, nikawapa chai, nikawaonyesha mlango. Mwaitu, mama yetu, alituzaa watatu na mimi nitaendelea kuhesabu watatu. Ukiniambia ndugu yetu anacheza kwenye kiti kisicho na mtu, unaniambia amekufa. Hiyo ni mashine mbovu. Weka kibodi, gari litasimama, na tutakuwa tumemaliza.

Dada yako,
Mutindi

Mwingi
20 Septemba 1998

Dada Mutindi,

Nakusalimu, na Hared pia anakusalimu. Nimefurahi kusikia bado unafukuza wazee wa kanisa, hiyo ni dalili kwamba una afya.

Kibodi nimeweka. Gari halijasimama. Nikasema basi, nikachomoa waya wa kibodi katikati ya mchezo. Gari langu lilikwama pale pale. La kushoto liliendelea mpaka mwisho, likashinda.

Watoto wameacha kucheka. Hakuna anayekalia kile kiti sasa, wanakizunguka wakipita. Mmoja aliniuliza, “Kiema, huyu mtu wa hii gari ingine ni nani? Mbona hachoki?” Hared alisimama mlangoni, akasoma kitu kwa Kiarabu, akarudi kuuza sukari.

Umenikataza kusema, lakini nikinyamaza nitakuwa nakudanganya. Jana niliwatoa watoto nikacheza naye mpaka jenereta ikaisha mafuta. Alinishinda kila mara. Nilifurahi sana, Dada, zaidi ya siku yoyote tangu ile mvua.

Mdogo wako,
Kiema

Salama
11 Oktoba 1998

Kiema,

Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikaosha vyombo vyote vilivyokuwa safi. Natumaini unakula vizuri na hulali humo ndani ya hicho chumba.

Kuna fundi wa kompyuta alishuka hapa kunywa chai, nikamweleza. Anasema ni memori. Mashine ikizeeka inaanza kurudia mambo yake ya zamani. Nzuki alicheza sana hapo, kwa hiyo inarudia mchezo wake. Maneno hayo yalinituliza. Nimeuza ile sufuria kubwa ya harusi, na fundi amenitafutia memori na kadi ya kuonyesha picha, zote za mitumba lakini nzima. Ziweke. Halafu uniandikie kwamba gari limesimama.

Dada yako,
Mutindi

Mwingi
8 Novemba 1998

Dada Mutindi,

Salamu. Nina afya, isipokuwa usingizi umepungua.

Vipande ulivyotuma vimeingia bila shida. Kompyuta imekuwa nyepesi, picha imetakata, barabara inaonekana mpaka mbali. Gari la kushoto nalo limekuwa stadi zaidi. Zamani mimi nikigonga mti lilikuwa linaniacha. Siku hizi linasimama kando ya barabara, linaningoja nirudi njiani, ndipo linaondoka. Uliza fundi wako hayo ni marudio ya mchezo gani.

Chumba kimeanza kunuka matope, na huku mvua imekataa kabisa mwaka huu.

Kimebaki kitu kimoja cha zamani, ile bodi kubwa inayoshikilia vyote. Ukituma nyingine nitaiweka, na gemu mpya zitacheza, na pengine haya yote yataisha. Lakini mimi peke yangu siwezi kuamua. Niandikie kwa mkono wako kwamba unataka.

Mdogo wako,
Kiema

Salama
22 Novemba 1998

Kiema,

Nataka.

Bodi ndiyo hiyo, Musyoka ameifunga kwa blanketi. Ya zamani usiirudishe hapa wala usimwuzie mtu.

Dada yako,
Mutindi

Mwingi
6 Desemba 1998

Dada Mutindi,

Bwana asifiwe, na safari hii naandika nikimaanisha.

Niliweka bodi jana Jumamosi mchana. Nikawasha, nikafungua gemu ya magari, nikangoja. Gari la kushoto liko pale kwenye mstari wa kuanzia, halisogei. Nimejaribu tena leo baada ya kanisa, hivyo hivyo. Harufu ya matope imeisha. Gemu mpya zinacheza vizuri na watoto wamejaa. Ile bodi ya zamani nimeitupa kwenye kile kisima kilichokauka nyuma ya duka.

Kwa hiyo umeshinda. Ilikuwa mashine, na Nzuki yuko mzima mahali fulani kama ulivyosema. Sijui kwa nini nililia. Kiti cha kushoto watoto wanakikalia sasa, na mimi sitaki kuwaona.

Mdogo wako,
Kiema

Salama
13 Desemba 1998

Kiema, mwana wa mwaitu,

Leo sikuulizi hali. Nzuki amekuja.

Alikuja Jumamosi ile ile uliyoweka bodi, mchana, kabla sijapata barua yako, hoteli ikiwa imejaa. Niligeuka na sahani mkononi nikamwona ameketi kwenye meza ya ukutani, na lile shati lake la kijani limelowa, nywele kama siku aliyoondoka. Nililia mpaka wateja wakanishika. Niliwaambia wote, mnaona, nilisema ni mzima.

Nimempakulia muthokoi wa mahindi na maharagwe, umepoa mbele yake kila siku. Nimembadilisha shati, na lile kavu nalo likalowa akiwa amelivaa. Hanitazami. Anatazama ukuta, na vidole vya mkono wa kushoto vinagonga meza bila kupumzika. Musyoka aliingia, akamwona, akaacha chai yake. Sasa lori lake linapita bila kusimama, na wengine pia.

Neno analosema ni moja tu. “Kwa nini mumenitoa?” Nikamwambia, “Hakuna mtu amekutoa, uko nyumbani.” Ananiuliza tena. Maji yanatoka pale anapoketi mpaka mlangoni, nayapangusa, yanarudi.

Naogopa, Kiema, na bado nampenda. Nilitaka awe hai, sikutaka kitu kingine. Huko kwako alikuwa anacheza na wewe, anakungoja ukianguka. Hapa hata jina langu hajalitaja.

Shuka kwenye hicho kisima uitoe ile bodi. Rudisha kila kitu kilivyokuwa, hata gemu mpya zikikataa, hata watoto wakihama. Washa, keti kiti cha kulia, umngoje. Mimi nimemshika mkono, na sitauachilia mpaka nione mkono wangu umebaki mtupu.

Dada yenu,
Mutindi