Kisigino cha Kocha

Dada Edith,

Nimekuja kwako kwa sababu paroko ananiona mtu mwema na sitaki kumharibia wiki. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja hapa Sumbawanga, na kwa miaka kumi na mmoja ni kocha wa gofu pia, kazi niliyopewa kwa sababu ujanani niliwahi kubeba mabegi ya wachezaji Arusha, na kiwanja chetu cha mashimo tisa nilikifyeka mwenyewe, ng'ombe nikawafukuza mwenyewe, nami nacheza mashindano ya ridhaa, miaka kumi bila kushinda hata soksi, mpaka mwaka jana nilipotwaa kikombe Mbeya.

Hicho kikombe ndicho kinachonitesa, Dada, maana kwenye shimo la mwisho mpira wangu ulizama nyuma ya kisiki, nikatazama mawingu kama mkulima anayengoja mvua, nikausogeza kwa kisigino, kidogo tu, hatua moja na nusu, halafu nikaupiga vizuri sana, na sikuandika adhabu kwenye kadi yangu ya alama, kwa sababu gofu haina refa wa kukukimbilia na filimbi, mchezaji anajishtaki mwenyewe, na siku ile sikujisikia kujishtaki. Niliporudi nilipokewa njiani, Laela, kwa msafara wa pikipiki, mke wangu Rozina akapiga vigelegele stendi nzima, mkuu wa chuo akakiweka kikombe ofisini kwake.

Aliyenibebea begi siku hiyo ni mwanafunzi wangu Herieth, binti wa mzee Masunga, mfugaji wa Muze, mchezaji bora niliyewahi kumfundisha, na juzi kwenye mchujo wa timu ya chuo mpira wake uliingia majanini, nikamwona anatazama mawingu, nikajua, Dada, nikajua kabla mguu haujaenda, akausogeza kwa kisigino vilevile, nikapandwa na hasira, nikamwita mwizi mbele ya wenzake na kumfuta kwenye timu, naye akanivuta pembeni akasema taratibu, "Samahani mwalimu, mimi nilidhani ndivyo tunavyocheza," akanirudishia vijiti vya chuo akaondoka kurudi kwao Muze, na mpaka leo hajamwambia mtu. Timu inakwenda Morogoro mwisho wa mwezi. Nikimrudisha wataniuliza kwa nini, na nikisema kwa nini, kikombe kinaondoka na ukocha unaondoka. Hakuna njia ya katikati? Tafadhali jina langu lisitajwe.

Kocha, Sumbawanga

*

Kocha,

Jina sijalitaja, ila makocha wa gofu wa chuo hapo Sumbawanga mko wangapi? Ungeniandikia kwamba una baiskeli, ningeweza kukusitiri.

Gofu siijui. Nilidhani ni mchezo wa watu wenye kofia nzuri na muda mwingi. Lakini miaka kumi bila soksi inaumiza, nakuonea huruma kweli, na mtu aliyekosa vigelegele muda wote huo anaweza kufanya ujinga siku moja. Huo ningekusamehe. Nisichokusamehe ni kumwita mtoto wa watu mwizi kwa somo ulilomfundisha mwenyewe, halafu ukaketi kuniandikia barua ndefu ambayo zaidi ya nusu inalia na kikombe. Yeye amekutunzia siri, wewe umemtunzia nini?

Njia ya katikati haipo, acha kuitafuta. Leo hii nenda ofisini kwa mkuu, mwambie ulichofanya, ukiteremshe hicho kikombe, uwaandikie waandaaji wa Mbeya waje wakichukue au ukipeleke mwenyewe kwa basi. Rozina mweleze wewe, asije akaambiwa sokoni. Kisha ikusanye timu palepale ulipomtukana Herieth, useme kwa sauti ileile uliyomtukania. Naye alikosea, basi arudie mchujo kama mchezaji aliyefundishwa vibaya, na mwalimu mwingine asimamie. Halafu panda gari ushuke Muze ukamwamkie mzee Masunga, maana sijui binti yake alijieleza vipi aliporudi nyumbani kabla ya wenzake. Ukocha ukiondoka, uache uende. Hesabu bado unaijua.

Na Herieth akikuuliza kwa nini umekawia hivi, usianze kujieleza. Mwambie, "Nisamehe, mwanangu," halafu funga mdomo ungoje jibu lake, hata kama ni hapana.

Dada Edith