Mtu wa Kupigiwa Simu

Jumatatu, 6 Oktoba

Maji yatatoka kesho. Jumanne na Jumamosi, msimamizi wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga akijisikia kufungua. Madumu yangu bado yana maji, sina wasiwasi. Hilo nimeshajifunza. Nimejifunza pia kununua umeme kabla haujaisha, kulala na soksi, na kutoliamini jua la asubuhi la Eldoret. Mchana linachoma, alasiri mvua, jioni meno yanagongana. Mimi ni mtoto wa Tabora. Kule ukivaa sweta watu wanakuuliza kama una malaria.

Kazini salama. Tunashona sare za shule za Januari, sketi kijivu mpaka naziota. Madam Jerotich, mwenye karakana, alinipata Arusha kwenye maonyesho ya nguo. Akasema njoo Kenya, fundi kama wewe nakutafuta. Akanisaidia mambo ya Uhamiaji, akanitafutia chumba hapa mtaa wa Huruma. Baada ya hapo kila mtu na lake.

Niko hapa tangu Juni. Hakuna aliyewahi kubisha hodi kwangu. Siku niliyohamia nilichemsha birika zima la chai, nikakaa kusubiri majirani waje kunikaribisha. Hawakuja. Niliinywa peke yangu, usingizi ukanikimbia.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeomba ruhusa, nimekwenda shuleni, ile ya nyuma ya soko. Nataka Tumaini aanze Januari. Ana miaka tisa. Yuko Tabora kwa mama yangu, na mama miguu imeanza kumsumbua, hawezi tena kumkimbilia mtoto.

Mwalimu mkuu ni mwanamke mrefu, mpole. Akatazama cheti cha kuzaliwa, ripoti, pasipoti. Vyote vizuri. Nikaanza kufurahi. Ndipo akauliza: "Mtoto akigonjeka, na wewe uko job hushiki simu, napigia nani?"

Nikasema mimi nitashika. Akasema mbali na wewe. Baba? Marehemu. Ndugu? Wako Tabora. Akatabasamu kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. "Tabora ni mbali, mama. Niletee mtu wa hapa tumuone na macho. Kabla tufunge shule. Bila huyo siwezi kumchukua."

Nimerudi kwa miguu. Mji mzima huu, na sina mtu hata mmoja wa kumtaja. Najisikia aibu, na sijui nimekosa nini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemuuliza Madam. Hakuinua hata macho kwenye kitambaa. "Mimi? Leo niko hapa, kesho Moiben kwa shamba, mahindi inavunwa. Tafuta mtu anakaa karibu na wewe." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli tupu. Ningependa angalau afikirie kidogo kabla ya kukataa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mwenye ploti anaishi Soy, sijawahi kumwona. Msimamizi nimemwona. Kasema hataki mambo ya watoto wa watu.

Nimekula mkate na chai. Sikuwa na hamu ya kupika.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani nilikaa nyuma. Wageni walipoambiwa wasimame, sikusimama. Nilishasimama Juni, wakapiga makofi, wakasahau.

Nimewaza mchana kutwa. Amebaki mtu mmoja, Mama Nekesa, jirani wa ukutani. Ni Mluhya wa Webuye, anauza mboga sokoni, mumewe ni dereva wa lori na harudi mara kwa mara. Watoto wake wawili wanasoma shule ileile, mkubwa ndiye Nekesa. Ninamjua kwa sauti. Najua akikaanga vitunguu, najua akigombeza, najua dada yake anayekaa Langas akija, maana siku hizo ndiyo pekee anacheka mpaka ukuta unatikisika. Lakini tukikutana ni "sasa", "poa", basi. Kwetu hiyo si salamu, ni kupigana kumbo.

Jumanne asubuhi kila mtu anakuwa bombani. Nitamwambia hapo. Nimeshapanga maneno: Samahani mama, nina shida ndogo. Nimeyasema mbele ya kioo. Nilionekana mwizi.

Jumanne, 14 Oktoba

Siwezi kulala na aibu hii bila kuiandika.

Asubuhi nilikuwa bombani na dumu langu. Mama Nekesa yuko mbele yangu. Nikafungua mdomo, samahani mama, na simu yake ikalia. Akasikiliza. Kisha akapiga ukelele ambao sitausahau, akakaa chini palepale kwenye matope. Dada yake wa Langas amefariki hospitalini. Alianguka jana jioni tu, presha.

Kwetu msiba ukitokea kwa jirani huulizi. Unaacha ulichoshika. Nikamtumia Madam ujumbe kwamba nina msiba. Nikajifunga kanga, nikachukua mkeka wangu, mchele wote niliokuwa nao, sufuria kubwa niliyokuja nayo toka nyumbani. Nikafagia mlangoni kwake, nikatandika, nikakaa naye. Nikasubiri wanawake wengine.

Hawakuja. Walipita mmoja mmoja wakienda kazini, wakamshika mkono, wakasema pole sana, wakaondoka. Hata mama wa chumba cha kona, mwenye msalaba mkubwa shingoni. Hasira zikanipanda. Watu gani hawa! Mwenzao analia na wao wanakwenda kuuza nyanya. Kila aliyepita nilimtazama kwa jicho la kumhukumu, na nilitaka alione.

Tukakaa, yeye, mimi na mkeka. Alipolia nilimshika mgongo. Watoto waliporudi kula mchana niliwapakulia. Alasiri mvua ikaja, tukauvuta mkeka ndani, tukaendelea kukaa. Nikapika wali wa watu wa ploti nzima, maana nilijua jioni lazima waje, na waliofiwa hawapiki.

Na kweli jioni wakaja. Wote. Wameoga, wamebeba viti vya plastiki, wamekuja na mchungaji na wenzake wa sokoni. Kumbe mchana kutwa walikuwa wanapigiana simu. Wameshapata basi la kwenda Webuye. Wana mwenyekiti, wana mweka hazina, wana mtu wa kufuata mwili. Kila mtu aliketi kwenye kiti, chai na mkate vikapita, maombi yakaanza. Mimi peke yangu niko chini mkekani, miguu nimeinyoosha, kanga kichwani.

Mwenyekiti akaniinamia kwa heshima kubwa. "Pole sana mama. Wewe ni dada mwingine ya marehemu?"

Nikasema hapana, mimi ni jirani. Mtanzania wa chumba cha pili.

Kijana mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Maombi yakaisha, watu wakabeba viti vyao. Wali hakuna aliyeugusa. Waliuona, nadhani waliona ni chakula cha familia. Nikaiacha sufuria, nikauacha mkeka, nikatoka kama aliyefukuzwa. Mama Nekesa alikuwa anazungumza na mchungaji, hakuniona nikiondoka.

Nimewahukumu watu wanaojua kuzika kuliko mimi. Na kumbe nimejifanya ndugu wa marehemu mbele ya ndugu wa marehemu.

Jumatano, 15 Oktoba

Madam aliuliza nani amekufa kwangu. Nilipomweleza aliweka mkasi chini. "Jirani? Kwani mnaacha kazi kwa sababu ya jirani? Hapa watu huenda matanga jioni, wakitoka job. Saa hii si ungekuwa umemaliza hizo sketi." Wenzangu wakacheka. Mimi pia nikacheka, cha kufanya sina.

Jioni watu walikusanyika tena. Nilitoa mchango wangu kwa mweka hazina nikiwa nimesimama, nikarudi chumbani. Niliwasikia wakiimba kupitia ukutani. Nyimbo ninazijua. Niliziimba huku, kimyakimya.

Ijumaa, 17 Oktoba

Basi limeondoka kwenda kuzika. Niliona kupitia pazia. Watoto wamevaa sweta nzito, Nekesa amebeba mdogo wake japo mdogo ni mzito. Sikutoka kuaga. Niliogopa macho yao.

Ploti iko kimya. Ukutani hakuna vitunguu wala ugomvi. Sikujua kwamba zile kelele zilikuwa zinanisaidia.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimempigia mama. Nimemwambia Januari haitawezekana. Kauliza kwa nini, nikasema shule imejaa. Nimemdanganya mama yangu siku ya Jumapili.

Kisha akampa simu Tumaini. Anauliza sweta yake ni rangi gani. Nilishamwambia huku kila mtoto ana sweta. Nikasema ya kijani, rangi ya kwanza iliyonijia mdomoni. Akaenda kuwatangazia watoto wenzake, nikamsikia: ya kijani!

Nimelia.

Naweza kumwomba Mama Nekesa? Siwezi. Mtu katoka kumzika dada yake, umwendee na shida zako. Tena wewe, kichekesho cha mkekani. Shule zinakaribia kufunga. Labda nirudi Tabora mkataba ukiisha, nishone madera sokoni kama zamani. Joto, mama, mtoto. Si kitu kibaya.

Jumanne, 21 Oktoba

Siku ya maji. Niliamka mapema nichote kabla ya watu, nisionane na mtu. Nilikuwa nimeshajifungia ndani nilipobishiwa hodi. Mlango wangu. Mara ya kwanza. Nilidhani wamekosea chumba.

Mama Nekesa. Amekonda. Amebeba sufuria yangu imesuguliwa inang'aa, na mkeka chini ya kwapa.

"Mkeka yako nilienda nayo Webuye," akasema. "Hata sikukuuliza. Nilikalia hiyo tu, siku zote. Viti zilikuwa mingi, nikakataa."

Nikamkaribisha. Hakuna kiti zaidi ya kimoja, tukatandika huohuo mkeka. Nikachemsha chai. Nikamwomba radhi kwa siku ile, nikamweleza kwetu inavyokuwa, kwamba sikujua, kwamba niliwaudhi watu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hukuudhi mtu. Walishangaa tu. Mimi nilikuwa naogopa hiyo mchana. Jioni watu wako, hiyo najua, tumezikana sana hapa. Ni mchana ndio ilikuwa inaniogopesha." Akanywa chai. "Na hiyo mchele tulikula asubuhi yake na watoto. Ilikuwa tamu, lakini umezidisha mafuta."

Nikacheka. Yeye pia, kidogo, kisha akalia, nikamshika mgongo kama siku ile.

Alipokuwa anasimama kuondoka nikasema. Maneno ya kioo yote yalikuwa yamepotea. Nikasema tu: mwanangu amekataliwa shule kwa sababu sina mtu. Nahitaji mtu wa kupigiwa simu.

Akakaa tena. Akaanza kuvutavuta nyuzi za mkeka. Nikajua nimeharibu.

"Watoto wangu," akasema, "shuleni wanapigia dada yangu. Ni yeye walikuwa wanapigia."

Alhamisi, 23 Oktoba

Tumekwenda shuleni pamoja, yeye amevaa leso nyeusi kichwani. Mwalimu mkuu alimpa pole, alikuwa hajasikia. Mama Nekesa akasema, "Huyu mama ni jirani yangu. Mtoto wake akigonjeka nipigie mimi, sokoni nashika simu kila saa." Akawapa namba yake. Tumaini anaanza Januari. Imechukua muda mfupi sana, baada ya kunikosesha usingizi wiki mbili.

Kisha Mama Nekesa akasema kuna kitu kingine. Akaomba wafute namba ya dada yake. Mwalimu mkuu akafuta taratibu. Mama Nekesa alikuwa anatazama dirishani, watoto wanaruka kamba. Mwalimu mkuu akauliza waandike ya nani.

Hakunitazama. Alininyooshea tu mkono wake nyuma, bila kugeuka.

Nikataja namba yangu. Nilikosea mara mbili. Tangu niipate sijawahi kuombwa.

Jioni nilimpigia mama, nikamwambia ukweli wote, na uongo wa Jumapili. Kasema alijua. Kasema sweta anunue Tabora au? Nikasema hapana, nitaishona mimi kwa kitambaa cha sufu, na Nekesa kasema si kijani, ni bluu.

Jumatano, 29 Oktoba

Mahindi yameanikwa kwenye maturubai kando ya barabara mpaka karibu na karakana. Baridi imepungua, au nimezoea.

Kabla ya chakula cha mchana simu yangu ililia. Namba nisiyoijua. Mwalimu wa darasa, Nekesa anaumwa tumbo, mama yake hapatikani, soko limejaa. Nikamwambia Madam naenda kumchukua mtoto. Akauliza mtoto wa nani. Nikasema wetu wa ploti. Alinung'unika, lakini alishaniinulia mkono niende.

Langoni mlinzi aliuliza mimi ni nani. Nekesa akajibu toka kwenye benchi, amejikunja: "Ni Mama Tumaini. Amekuja kunichukua."

Tumaini hajawahi kukanyaga mji huu.

Tumerudi polepole, tukipumzika. Nimempa chai ya tangawizi. Sasa amelala mkekani, soksi zangu miguuni. Ukuta uko kimya, mama yake bado yuko sokoni. Nashona bluu.