Mama Immaculée Alivua Viatu Roma

Durban, 14 Septemba 1998

Kwa mdogo wangu Nasibu,
Mgahawa wa Venisi, Wete.

Asalaam alaykum. Naanza kwa kukujulia hali wewe, shemeji yangu, watoto, na lile birika kubwa la mgahawani ambalo kwa umri wake nalo sasa ni mtu wa familia. Mimi ni mzima. Goti la kushoto tu ndilo limejitangazia uhuru, halinitii nikitaka kusimama wala nikitaka kukaa, lakini madhali la kulia bado liko chini ya serikali yangu, namshukuru Mungu.

Barua yako ya Julai niliipata. Umeuliza mambo mawili: nitarudi lini, na ule mnara wa Pisa umeinamia kulia au kushoto, maana mchoraji amekuja kuupaka upya ukuta wa mgahawa, ule uliochorwa kwa kufuata barua zangu, na mara ya kwanza aliunyoosha mnara kwa kudhani kaka yako amekosea. Yote mawili nitayajibu, ila nivumilie, kwa sababu hilo la mnara ndilo lililonikalisha chini siku tatu na kalamu. Na mwandiko usiucheke. Mkono huu ndio ule ule aliouchapa mwalimu wa darasa la nne mpaka nikaona bora niende baharini.

Unajua kwamba nakaa mlangoni kwa Odette, yule mama wa Kirundi mwenye saluni hapa katikati ya mji. Kazi yangu ni kufagia nywele, kulinda mikoba ya wateja, na kuwaita wapita njia kwa maneno matamu. Kuna kazi nyingine ambayo hakuna aliyenipa: nawahadithia. Kusukwa huchukua saa tano, saa sita, na mtu aliyeshikwa kichwa hana pa kukimbilia. Jengo hilo hilo lina duka linalouza safari za Ulaya, na msimu ukiisha hutupa vitabu vyao vya picha. Mimi naviokota, nakaa navyo kwenye kiti changu, nawapeleka wateja wa Odette Ulaya bila viza.

Mdogo wangu, Wazungu wana starehe za ajabu. Kule Brussels watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kutazama sanamu la mtoto mdogo anayekojoa. Ningejua mapema ningewauzia tiketi za Wete, sisi tunao wa kuzaliwa, na wanakojoa hata usipowaomba. Pisa wanapanga foleni wapigwe picha kama wanauzuia mnara usianguke. Nyumba ya marehemu babu iliinama miaka ishirini na hakuna aliyetuletea hata fito. Kwenye fukwe za Uhispania wanajianika juani kama dagaa, wakigeuzwa upande huu na huu, halafu wanalipia. Nikiyasema hayo saluni nzima hucheka, na mteja anayelia kwa kuvutwa nywele husahau kulia. Odette husema mimi ndiye dawa yake ya ganzi.

Asiyecheka ni Gaël, kinyozi wa pembeni, mtu mwenye watoto wawili na mdomo wa watu watatu. Yeye hupenda kuuliza, na mimi huniita Vieux, yaani mzee kwa Kifaransa chao. Vieux, huko Paris choo iko wapi? Vieux, Venisi maji ikijaa watu wanalala wapi? Namjibu kwamba mtu aliyeishi Ulaya miaka kumi na moja hahesabu vyoo. Anatabasamu, anaendelea kunyoa.

Sasa ndiyo anaingia Mama Immaculée, shangazi yake Odette. Alikuwa mwalimu wa shule kwao Burundi kabla ya vita, mama mpole, mgongo umenyooka kama rula. Binti yake, Lyse, ni muuguzi Ubelgiji na ameolewa na mtu wa huko. Walikuwa hawajaonana miaka minane. Mwaka huu pasipoti ya mama ikatoka, viza ikatoka, na Lyse akamwandikia kwamba yeye na mumewe wamechukua likizo: watampokea Brussels, kisha watamtembeza kwa treni Paris, Venisi na Roma. Saluni ikapiga vigelegele. Mama Immaculée akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele akasema haendi.

Odette alimwuliza kama anaogopa ndege. Akasema ndege si kitu, ndege ikianguka aibu ni ya rubani. Anachoogopa ni mkwe. Hajawahi kumwona, na yeye mama mwenyewe hajui jinsi watu wanavyokaa katika nchi ile, anakula nini kwa mkono gani, anapita wapi. Afadhali mtoto wake amkumbuke kwa mbali kuliko amwonee haya kwa karibu. Maneno hayo aliyasema taratibu. Kisha akageuza kichwa akanitazama mimi. Akasema kama Mzee Machano aliyefika kote huko atamfundisha, basi atakwenda.

Hapo ndipo ningesema kweli, Nasibu. Mlango ulikuwa wazi na mimi ndiye niliyekaa mlangoni. Lakini Gaël alikuwa ananitazama kwa kile kitabasamu chake. Nikavuta kiti changu mbele, nikasema somo linaanza kesho saa nane.

Wiki tatu nilimfundisha. Kwa kuwa ni mwalimu, hakusikiliza tu, aliandika daftarini kwa wino wa buluu. Nilimwambia Paris usipande mnara na njaa, kizunguzungu kitakutoa thamani. Venisi usiwalishe njiwa, watakufuata mpaka hotelini. Mvuvi wa watalii akianza kuimba kwenye mtumbwi wake, tazama maji, ukimtazama yeye ataimba wa pili. Tukafika Roma. Nilikuwa na picha ya lile kanisa kubwa la Papa, ndani tupu, hakuna mtu hata mmoja, sakafu ya marumaru inang'aa kama sahani iliyolambwa. Nikaitazama nikajiambia, sakafu hii haikanyagwi na kiatu. Mimi ni mtu wa msikitini, ningewaza nini kingine? Nikamwambia: mlangoni vua viatu.

Gaël alizima mashine. Akasema yeye ni Mkatoliki tangu tumboni na hajaona mtu anavua viatu kanisani, si Bujumbura, si hapa Durban. Nikamwambia hayo ya kwenu ni matawi, makao makuu yana sheria zake. Saluni ikaangua kicheko. Mama Immaculée aliandika, akapiga mstari chini.

Akaondoka mwisho wa Juni. Siku ya nne tangu aende, duka la safari wakabandika picha mpya dirishani, kubwa kama mlango: kanisa lile lile, safari hii limejaa watu. Viatu, Nasibu. Viatu vya kila aina, vya kisigino, vya michezo, buti. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nataka kununua safari. Tangu hapo chai nikawa naiacha ipoe kikombeni. Nilimwona mama yule anayeogopa kumwaibisha mwanawe akitembea pekupeku katikati ya dunia nzima kwa maneno yangu, na Lyse akijifunika uso. Wiki tano nilifagia nywele bila kufungua mdomo. Wateja wakamwuliza Odette kama mzee anaumwa.

Mama akarudi Jumamosi moja ya Agosti, saluni imejaa. Gaël hakumpa hata nafasi ya kuweka mkoba chini. Akamwuliza mbele ya wote kama aliyoyasema Vieux iko kweli, na hasa ile ya viatu. Mimi nilishika ufagio wangu kama bakora, nikaanza kuhesabu hatua za kufika barabarani.

Mama Immaculée akasema kila kitu amekikuta kama alivyofundishwa. Njiwa, mtumbwi, mnara. Na Roma, akasema, alivua viatu mlangoni akaingia. Gaël akasema eish, akarudi kwa kichwa cha mteja wake. Tangu siku ile ananiita Professeur, na hacheki anaponiita.

Baadaye mama akaniita nje kwenye ngazi, tukakaa. Akanisimulia yaliyotokea. Alivua viatu vyake, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaingia kichwa juu. Lyse akamvuta mkono na kumnong'oneza kwa Kirundi, mama, unafanya nini, watu wanatutazama. Hapo akaona kwamba watu wote wamevaa, akaelewa kwamba mimi sijawahi kukanyaga pale, na miguu ikamfa ganzi kwa aibu kabla ya baridi ya marumaru. Ndipo yule mkwe, jitu refu ambalo kwa siku tisa lilikuwa halijui liseme nini na mama mkwe zaidi ya bonjour, likainama likafungua kamba na kuvua viatu vyake. Alidhani ndiyo heshima ya kwao mama. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, na kidole gumba kimetoka chote, kimekaa kama mchungaji mimbarini. Mama akakitazama kile kidole. Akashikwa na kicheko, na mkwe akacheka, na Lyse akacheka huku analia. Askari wa kanisa alipokuja kuwauliza, mkwe akamjibu kwamba ndivyo wanavyofanya kwa mama yake. Hakusema mama mkwe, alisema mama yake. Kuanzia siku hiyo alimshika mkono kwenye kila ngazi ya Roma.

Akasema anashukuru. Nikamwambia mimi nimemdanganya, anashukuru nini? Akasema kweli isingemfikisha, angekuwa bado amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele. Kisha akatoa mkobani jozi ya soksi nene za sufu, zinatoka kwa mkwe wake, zawadi kwa mwalimu wa Mama, yaani mimi. Akasema, safari ijayo ukienda Roma, kaka, zivae, sakafu ni baridi. Akainuka akarudi ndani.

Ninazo miguuni ninapoandika. Na sasa kuhusu mnara, Nasibu: sijui umeinamia wapi. Sijauona. Wala Paris, wala Venisi uliyoipa jina mgahawa wako. Katika miaka yangu yote melini, jikoni nikimenya viazi, tulifika Ulaya mara moja tu, Genoa, siku mbili, na kwa kuwa sikuwa na kitabu cha ubaharia sikuruhusiwa kushuka. Kwenye dirisha la jiko niliona ghala, winchi, na mbwa mmoja wa kahawia niliyemtupia mifupa. Hiyo ndiyo Ulaya yangu, mbwa mmoja, na alikuwa na adabu. Mengine yote niliyapata kwa mabaharia wenzangu. Niliwachemshia chai, wakanilipa kwa hadithi. Siku zilizobaki meli ilikuwa ikipanda na kushuka pwani hii hii yetu. Zile barua nilizoandika niko Paris, niko Roma, nilizipeleka posta Mombasa, karibu na nyumbani, lakini sikuthubutu kuvuka nije, mikono mitupu na uso hauna pa kutazama.

Naijua shida uliyoipata wewe. Mama alikuwa kitandani, kila jioni akikuuliza Machano yuko wapi leo, nawe unafungua barua unamsomea, na majirani wamekaa. Mama hakujua kusoma, lakini majirani walijua. Nilipokuja mwaka 1983, mama keshatangulia, shemeji alinionyesha bati la biskuti lenye barua zangu zote. Kila bahasha ilikatwa pembe, pale penye stempu. Nikakutania kwamba umekuwa mkusanya stempu. Ukasema ndiyo. Miaka kumi na mitano nimekuletea stempu kama zawadi, za maua, za ndege, na wewe unanishukuru.

Siku ile pale kwenye ngazi na Mama Immaculée ndipo nilipoelewa, bongo langu linakwenda kwa miguu. Hukukusanya kitu. Ulikuwa unaikata Mombasa isionekane. Ulijua tangu barua ya kwanza, na ulimsomea mama mpaka siku ya mwisho, ukaniwekea na ukuta mzima wa rangi ili nisiumbuke. Mama alifariki mwanawe akiwa Roma. Ni wewe uliyemfikisha huko. Sina soksi za kukupa, mdogo wangu, nina asante tu, na imechelewa.

La kurudi: nilikuwa naogopa baraza la mgahawani wasije wakaniuliza vyoo vya Paris. Sasa nataka kufunga Ramadhani hii nanyi. Nitunzie kiti cha mtu aliyefika Durban, kisiwe cha mbele. Mnara mwambie mchoraji auinamishe anakotaka yeye, ila asiunyooshe tena.

Nisalimie shemeji, watoto wote, na yeyote hapo kibarazani anayedaiwa na birika. Kwenye kaburi la mama nipelekee salamu na umwambie niko wapi.

Stempu ya barua hii usiikate. Imeandikwa Durban, nami niko Durban.

Ni mimi kaka yako,
Machano