Njia ya Pili Moyoni

Karakana ya Vyuma,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko? Goti limeacha kukusumbua? Baba Mdogo na mapacha hawajambo? Sisi wazima, na mimi sasa nasema hivyo bila kudanganya.

Mwezi uliopita nilikuwa juu ya ngazi nachomelea geti la shule, moyo ukaanza kwenda mbio ghafla, macho yakaingia giza. Kama mwenzangu asingenidaka, barua hii ungeandikiwa na mtu mwingine.

Mama akasema ni uchovu. Uchovu gani huo unaonijia tangu nasoma shule? Nikaenda hospitali, wakanipima umeme wa moyo.

Daktari, mama mmoja mpole, akanieleza. Moyo hupigishwa na umeme, na umeme huo una njia moja ya kushukia. Mimi nimezaliwa na njia ya ziada. Umeme ukishuka kwa hii, unapanda kwa ile, basi unazunguka tu.

“Vidonge vitautuliza, lakini njia itabaki,” akasema. “Au tupitishe waya mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, tuichome.”

“Kumbe na nyinyi mnachomelea?”

“Wewe unaunganisha, mwanangu. Sisi tunakata.”

Hakunificha: njia hizo zimekaribiana, wakikosea wakaichoma ile nzuri, nitawekewa betri ya kuupigisha moyo kifuani maisha yangu yote. Mama akalia, “Moyo hauchezewi!” Nikamwambia, “Huu ndio unaonichezea mimi, Mama.” Nikasaini.

Siku ya kuchomwa nilikuwa macho. Waliyachokoza yale mapigo makusudi ili waione njia. Niliuma meno. Kisha nikahisi joto kifuani, na moyo ukatulia ghafla hata nikadhani nimekufa. Daktari akatazama skrini, akatabasamu. “Imekatika.” Wakauchokoza tena, ukagoma kwenda mbio.

Geti limesimama, nimelimalizia mwenyewe. Mama anawaambia majirani kwamba wazo la hospitali lilikuwa lake.

Sasa nisikilize. Wewe pia ulikuwa ukikaa chini ghafla jikoni, mkono kifuani, wakakubandika jina la Bi Wasiwasi. Daktari anasema jambo hili mara nyingine hutembea kwenye ukoo. Huenda haukuwa wasiwasi hata kidogo. Nenda ukapimwe. Ukinizungusha, nitapanda basi, nikushike mkono, nikupeleke mwenyewe.

Msalimie Baba Mdogo na uwabusu mapacha. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Akupendaye sana,
Binti wa dada yako, Fundi