Hodi ya Mlango wa Mbele

Mbekenyera, Jumanne

Siku mbili sasa programu ninayoiandikia amri imenigomea kwenye kompyuta. Inadai injini ya kontena, inayoendesha programu zangu za kazi, haipo, wakati naiona inafanya kazi! Nilishaanza kuogopa bosi, aliyeniruhusu kufanyia kazi huku kwa mama, ataniita nirudi Dar.

Leo jirani yetu Bi Somoe akapiga hodi mbele. Mama akamjibu kutoka jikoni, "Zunguka nyuma, dada, mbele nimeanika korosho!"

Nikacheka peke yangu. Soketi ya injini, pale inapopokelea amri, niliihamisha mwenyewe. Programu ilikuwa bado inabisha hodi pale pa zamani. Nikaiandikia njia mpya, mstari mmoja tu, ikaitika.

Mama naye akataka kibao: PITA NYUMA. Nikamtundikia kwenye mlango wa mbele.

Jioni Bi Somoe akakisoma kwa sauti, halafu akapiga hodi pale pale.