Goti Ulilonificha

Evere, Brussels
Jumatano, 14 Januari 2026

Mpendwa kaka yangu Kadiri,

Asalaam aleykum. Nakusalimu wewe, wifi Amira na wote wa nyumbani Buyenzi. Mgongo wa wifi umepata nafuu? Na lile paa la jikoni, mvua bado inaingia? Sisi hapa tu wazima, alhamdulillahi. Naïma wangu amefaulu mitihani ya Desemba. Mimi bado niko na wale wazee ninaowatunza kazini kule Uccle, nawaogesha, nawavalisha, nawatembeza.

Salamu nimezitimiza, kwa sababu mama alitufunza kuwa salamu ni haki hata ya mtu aliyekuudhi. Ninakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu ungenikatiza, na safari hii nataka unisikie mpaka mwisho.

Jumapili nilikwenda kumtazama mwanao akicheza. Tangu Novemba kila nikimwambia Hamza nakuja, ananipa sababu: mara mechi imehamishwa, mara uwanja ni mbali, mara baridi itaniua. Nikasema basi, siombi ruhusa tena. Nilipanda treni asubuhi theluji ikianguka, nikashuka kituo kidogo, nikakuta Jumapili basi la kwenda kijijini kwao halipo. Nilitembea dakika arobaini kando ya barabara na mfuko wangu wa sambusa, viatu vimelowa, mara mbili nikateleza nikakaa chini kama gunia.

Timu yake ni ya daraja la chini. Hilo unalijua, ingawa mtaani unasema mengine. Uwanja una uzio wa chuma na kibanda cha supu, na watazamaji hatukufika hamsini. Ardhi ilikuwa ngumu kama saruji. Walifagia theluji kwenye mistari, wakaleta mpira wa rangi ya chungwa ili uonekane.

Kaka, mimi si mjuzi wa mpira. Lakini miaka kumi na mbili nimeinua watu kutoka vitandani, na mtu anayeficha maumivu namjua akipiga hatua tatu. Hamza alikuwa akikimbia kwa mguu mmoja na kuuburuta wa pili. Kila alipoanguka aliinuka kwa mikono kwanza, kama wazee wangu. Kipindi kizima nilisimama pale nikiwalaani wale Wazungu, nikisema wanamtumia mtoto wetu kama punda.

Wakati wa mapumziko nilikwenda kumngoja mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Aliponiona aligeuza uso. Nilipiga magoti kwenye theluji, nikashusha soksi yake, nikafungua bendeji. Goti lilikuwa limevimba mpaka huoni mfupa, na linachoma mkono kwa joto.

Nikamwuliza nani anajua. Akajaribu kuipandisha soksi. Nikamwuliza tena.

"Papa anajua," akasema. "Tangu Novemba. Alisema nisikwambie wewe wala kocha, nimeze vidonge tu mpaka mtu wa ile timu kubwa aje kuniona."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kumpa kocha, yakanibaki mdomoni. Kumbe yule Mzungu hakujua kitu. Nilipomweleza kwa Kifaransa alichuchumaa, akalitazama goti, uso ukamwiva. Alimwuliza Hamza kwa nini alidanganya, kisha akamvalisha koti lake mwenyewe na kumtoa mchezoni. Hamza alilia, na hakulilia goti. Alilia kwamba utamkasirikia.

Na yule mtu wa timu kubwa? Hakuja. Alipiga simu kwamba barabara zina theluji. Mimi nilifika kwa miguu.

Jumatatu nilimpeleka hospitali. Daktari amesema kano moja ndani ya goti imekatika, na kwa kulichezea wiki zote hizo ameharibu na sehemu zilizokuwa nzima. Atapasuliwa mwezi wa tatu. Nilimwuliza kama atacheza tena, akasema ningemwuliza swali hilo Novemba angekuwa na jibu.

Mtoto ana miaka kumi na tisa, Kadiri. Na kati ya watu wote, ni wewe! Wewe unayeshuka ngazi kwa ubavu mpaka leo kwa sababu walikuchezesha mpira ukiwa umeumia mguu. Mama alikukanda mguu ule kwa maji ya moto miezi mingapi, huku akiwaapiza waliokufanyia vile? Leo angekuwa hai, angemwapiza nani?

Usiniambie ulimtakia mema. Ulitaka sifa za kibarazani, ukamwachia mtoto azilipie kwa mguu wake.

Hamza yuko kwangu sasa. Naïma amempisha chumba chake. Anakula, analala, lakini simu ikilia anashtuka kama mwizi, akidhani ni wewe. Kwa hiyo simu yake nimeichukua. Ukipiga nitapokea mimi, na sitampa mpaka nisikie kuwa umepiga kumwomba msamaha. Ukianza kuuliza atarudi lini uwanjani, nitakata.

Msomee wifi Amira barua hii yote, maana najua naye ulimficha. Nisalimie baba mdogo Omari na majirani wa barabara yetu. Mwenyezi Mungu amponye mwanao, akulainishe moyo, atuweke hai tuonane.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda ingawa sijakusamehe,
Rukiya